Bawa la Ndege na Mkono wa Mtu

Mjukuu wangu Nambozo,

Tunakusalimu kutoka Namakwekwe, hapa Mbale. Babu yako amepona kikohozi, na maharage ya nyuma ya nyumba yameanza kutoa maua. Umeniuliza uchague nini kati ya udaktari, uchoraji, na hao ndege na mimea yako. Hata mimi nilivutwa huku na huku nilipokuwa nasomea uuguzi Jinja, wakati wa utawala wa wanajeshi.

Siku moja nilipanda basi kurudi nyumbani Mbale. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alipekua mkoba wangu akatoa mchoro niliouchora kando ya mto.

"Hii ramani ya nini? Wewe mpelelezi?"

Nikajibu, "Ni bawa la ndege, afande. Na huu ni mkono wa mtu. Tazama, mifupa yao inafanana."

Akautazama mchoro. Kisha akatundika bunduki begani, akapapasa mkono wake mwenyewe polepole, kuanzia begani hadi vidoleni. Akacheka.

"Kumbe mimi na kuku ndugu!"

"Ndugu kabisa, afande."

Akanirudishia karatasi, akaturuhusu kwenda. Abiria wote wakaanza kuongea kwa pamoja, na mama niliyeketi naye akanikumbatia huku analia. Mimi nilikuwa nacheka.

Baadaye nikawa mkunga kwa miaka mingi, na asubuhi kabla ya kwenda wodini nilichora ndege. Sikuwahi kuchagua, mwanangu.

Bibi yako akupendaye,
Mutonyi