Usikate

Kaka Omari,

Leo siku ya nne nakaa na karatasi ya ushahidi aliyonitumia wakili wako na sijatia jina. Naikunja, naiweka chini ya mto, naitoa tena. Zuhura, tunayelala naye chumba kimoja, ameanza kunicheka: "Wewe, hiyo ni barua ya mchumba?" Nikamwambia ni mambo ya marehemu kaka yangu. Akaniletea chai.

Sipo tena Riyadh. Ile nyumba ya Al-Malqa nilikofanya kazi niliitoroka miezi miwili baada ya wao kukuzika huko Uingereza bila mimi. Nilijificha siku chache mtaa wa Manfuha, kule kule Riyadh, nikaja Jeddah. Sasa naishi mtaa wa Bani Malik, wanawake sita chumba kimoja, nasafisha nyumba za watu. Kafili, mwajiri aliyenidhamini, alitoa taarifa kwamba nimetoroka, kwa hiyo ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ni kadi tu. Nikiona gari la polisi navuka barabara, hata kama sina pa kwenda upande wa pili.

Na wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia polisi wa huko lazima akupe sababu kabla hajatia mkono mfukoni mwako. "Ni sheria, Mwana. Sheria yenyewe ina namba." Nilidhani unajigamba. Uliposikia serikali inataka polisi wapate nguvu zaidi ya kupekua watu bila kutoa sababu, ulimwandikia mbunge wako, wewe mfagiaji wa ghala. Akakujibu mistari mitatu, nawe ukanitumia picha ya ile barua kama watu wanavyotuma picha ya mtoto mchanga. Wifi Rehema anasema bado wanabishana huko. Wapo wanasiasa wanaotaka nchi ijitoe kwenye mkataba wa haki za binadamu, eti unawafunga mikono. Mimi siyaelewi yote hayo. Naijua siku moja tu.

Siku hiyo ulikuwa unatoka kununua mkate, nami napiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Tulikuwa tunamsengenya mjomba na meno yake mapya. Mara nikasikia sauti ya mwanamume mwingine, anataja kisu. Hilo neno la Kiingereza nalijua, la jikoni. Nawe ukauliza mara tatu, kwa adabu: "Wat graundi?" Mimi na darasa langu la sita nikajua unaulizia uwanja wa mpira. Kesho yake nikakuuliza, kwani yule askari ndiye anayeuza tikiti? Ukacheka mpaka ukakohoa. "Graundi ni sababu, Mwana. Nilikuwa naomba sababu."

Lakini kabla ya kicheko hicho. Nilisikia purukushani, kitu kikaanguka, nawe ukapaza sauti kwa Kiswahili: "Usikate! Usikate!"

Na madam akaniita kutoka sebuleni, kwa jina alilonipa yeye, niharakishe: "Aisha! Yalla!" Nilikuwa nimekatazwa simu wakati wa kazi.

Nikakata.

Hukunilaumu. Ungenilaumu ningepumua. Ulisema tu kwamba walikufunga pingu, hawakukuta kitu, wakakuachia, nawe ukaandika malalamiko. Nikadhani yameisha. Moyo wako ukasimama huku malalamiko yako bado yako mezani kwa mtu.

Wiki iliyopita wakili alimsomea Rehema maelezo ya yule askari. Kamera ya kifuani mwake ilinasa sauti yako, na mtu akalitia neno lako kwenye mashine ya kutafsiri. Wameandika kwamba ulipiga kelele kwa lugha ya kigeni ukataja kukata, ndiyo maana askari akaogopa akakufunga. Kukata, kaka! Walikuwa wanatafuta kisu, nawe ukawapa kisu kwa mdomo wako. Rehema aliponieleza nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakaa chini, sakafuni, kwenye bafu la watu nililokuwa nalisugua.

Neno "simu" hukulisema. Aliyekuwa upande wa pili ni mimi peke yangu. Nisipoandika, faili litafungwa hivyo lilivyo, na siku moja watoto wako watasoma kwamba baba yao alimtishia askari kwa kisu.

Lakini wanaochunguza malalamiko yako wanataka jina langu kamili, mahali ninapoishi, na picha ya ikama. Wakili ameahidi kwamba karatasi haitafika huku. Sijui. Nimeona karatasi nyingi zikifika zisikotakiwa.

Na kuna hili. Rehema ataisoma. Nilimwambia siku ile mtandao ulipotea. Mwaka mzima nimemwachia uongo huo, na namwogopa yeye kuliko polisi.

*

Nimerudi. Nimeandika, kaka. Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima. Jina langu lote, na la baba. Anwani: Bani Malik, Jeddah. Pale wanapouliza nini kilifuata baada ya neno lile, nimeandika: alikuwa ananiomba mimi nisikate simu, nami nikakata kwa sababu niliogopa. Kabla ya kuituma nilimpigia Rehema nikamwambia mwenyewe. Kisha akasema, "Basi waambie hivyo hivyo."

Wataniuliza kwa simu, Jumanne, baada ya adhuhuri ya huku. Mkalimani atakuwepo. Nitamweleza usikate ni nini, taratibu, mpaka aelewe. Zuhura atakaa karibu na dirisha kunitazamia njia.

Pumzika, kaka yangu. Nimekukawilisha, lakini nimekuja. Hata mlango ukigongwa siku hiyo, sikati.

Mdogo wako,
Mwana