Salamu za Mama kwenye Kompyuta ya Garaji

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Anouar, aliyekuwa akiendesha redio na mama, kaandika kutoka Ubelgiji. Ile redio yetu ya mtandaoni, ukurasa wake ataufunga Jumamosi. Hakuna anayeusikiliza tena, kasema. Jamani! Nimeufungua mbio, hapa hapa dukani, katikati ya boksi za plagi na mafuta ya breki. Kipindi kimoja cha mama bado kipo: Salamu za Buyenzi, mtaa wetu, mtangazaji Sijaona, mama mwenyewe. Nikabonyeza. Kisanduku cheusi. Navigateri ya simu yangu, ile ya kufungulia kurasa, haiwezi kucheza sauti hii, ndivyo kilivyoandikwa.

Mama ana miaka saba kaburini. Picha zake ninazo kumi na moja. Sauti, hata moja sina. Siku hizi nikimwota, mdomo unacheza tu, hausemi kitu. Nina hamu ya kumsikia. Na ukurasa nilidhani hauendi popote, nitausikiliza siku nikipata nguvu. Mjinga mimi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepanda mtaa wa Rohero kwa Loïc, fundi wa kompyuta. Ana maringo lakini anajua. Kasema sauti iliwekwa kwa Flash, mtindo wa zamani, navigateri zote za leo zimeuacha. Akajaribu kuipakua – apana, inatiririka tu kidogo kidogo, haishikiki. Inatakiwa mashine ya zamani yenye Flash yake bado, ambayo haijaguswa. Zamani kiasi gani? Zamani ya mama yako, kanijibu. Nilitaka kumchapa kofi. Halafu nikacheka peke yangu barabarani, maana najua iko wapi!

Jumatano, 8 Oktoba

Mjomba Massoudi, kaka yake mama, ana ile kompyuta ya garaji, ya kusomea magonjwa ya magari. Aliinunua mtumba, ilitoka ofisini kwa watu. Tangu hapo haijaona interineti. Ndiyo sheria ya mafundi wote wa huku kwetu: ikinusa interineti itajibadilisha yenyewe, na programu ya magari imekufa.

Nikamweleza yote. Hata hakunitazama. "Apana, Houda. Hii ndiyo inalisha watu sita." Nikamwambia ni dada yako, mjomba. Akaingia chini ya Corolla, akakaa huko mpaka nilipoondoka. Hata kwaheri sikumpa. Moyo wa jiwe!

Na mama kila kipindi alikuwa akianza kumsalimia yeye, kabla ya baba, kabla yangu mimi. Maneno nayakumbuka. Sauti ndiyo imenitoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna. Duka, swala, duka. Nimebonyeza kile kisanduku mara tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa mjomba kaniita garajini. Kompyuta iko juu ya boneti, imefungwa kwenye betri ya gari kwa sababu yake ilikufa zamani. Kanzu bado ameivaa, na mikono tayari ina grisi! "Usiniulize kitu. Weka connexion ya simu yako, haraka, kabla sijageuza mawazo." Yeye atasimama mlangoni tu, kasema. Kusikiliza hataki. Alimzika mara moja, ya pili hawezi.

Claude, fundi wake, kanipa simu yake tuiweke karibu na spika, irekodi.

Naandika hapa hapa, daftari juu ya tairi, maana mikono lazima ifanye kitu. Dakika nne ukurasa unafunguka. Kisanduku – si cheusi! Kuna kitufe. Nimebonyeza.

Kikohozi. Ya Allah, kile kikohozi! Alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema, nilikuwa nimesahau kabisa. Halafu: "Assalaam aleikum Buyenzi. Assalaam aleikum kaka yangu Massoudi–"

Imekwama. Kiduara kinazunguka.

Na kule mlangoni mjomba kaitika, kwa nguvu, garaji nzima imesikia: "Waaleikum salaam, dada."

Mafundi wameacha kugonga. Amekuja, amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Chini ya kioo pametokea maandishi, mashine inataka kujibadilisha, ndiyo au apana. Claude anauliza, patron, tukate connexion? Bado inawezekana kuiokoa. Mjomba hata hayatazami yale maandishi. Anatazama kiduara.

"Usiguse kitu," kasema. "Wacha amalize salamu zake."