Salamu Maria ya Mama

Jeska, uko hapo? Mi nina hasira, acha tu.

Leo kwenye kambi yetu ya vijana wa parokia tulipanda mlima wa Makebuko tukisali rozari. Zamu yangu ya kuongoza ikafika. We unanijua, mbele za watu sauti hainitoki. Nikajikaza: "Salamu Maria, umejaa neema..."

Bonifasi, kiongozi wetu, akanikatiza. "Wee dada, Kiswahili cha nini? Hapa si msikitini!"

Msikitini, Jeska! Eti huku Burundi Kiswahili ni cha Waislamu, Mkatoliki asali kwa Kirundi. Wote wakacheka.

Sala hiyo alinifundisha mama tukiwa wakimbizi Tanzania, na amezikwa kule kule. Kwa Kirundi hakunifundisha. Sasa ninyamaze?

Sikunyamaza. Nilianza upya, kwa sauti. Hakuna aliyeitikia, hata mmoja. Basi nikajiitikia mwenyewe, mpaka Amina.