Barua ya Aprili

Migori, 9 Machi 1997

Wifi Risper,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa wa kushoto siku hizi hauna nguvu. U hali gani huko Kendu Bay? Kifua kimepoa? Phanice ni mzima, yuko darasa la pili na anapenda kusoma kwa sauti.

Nimerudi kutoka Nairobi. Waliniingiza ndani ya mashine kama bomba kubwa, inagonga kama mafundi wa mabati. Nililala humo bila kujitikisa. Kisha daktari akabandika picha ya ubongo wangu kwenye taa. Wifi, ubongo huo una madoa meupe. Nilihesabu kumi na moja. Ugonjwa unaitwa multiple sclerosis. Kinga ya mwili wangu mwenyewe inakula ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Ndiyo maana nayumba, watu wakasema nimeanza pombe.

Halafu akanisomea maneno kumi na tano, nimrudishie. Nilikumbuka manne. Mimi, mwalimu wa hesabu! Akaniambia, "Mwalimu, wewe si mwendawazimu. Ya zamani yamekaa imara. Ya juzi ndiyo yatakuponyoka. Uwe unaandika." Nimenunua daftari.

Tangu kaka yako Stanley afariki, sina mwingine wa kumwambia. Siri hii isitoke kwako. Phanice ndiye aliyenibakia. Akiwa karibu, najua leo ni siku gani.

Wifi yako,
Bhoke

Kendu Bay, 28 Machi 1997

Mama Phanice mpendwa,

Bwana asifiwe. Kifua kimepoa. Barua yako nimeisoma nikalia mpaka chai ikawa baridi. Siri yako imefika, imekaa. Unajua mimi Mungu hakunipa mtoto. Wewe na Phanice ndio watu wangu.

Mlete likizo hii ya Aprili, nawe upumzike. Shule zikifunguliwa nitamrudisha kwa mkono wangu.

Wifi yako akupendaye,
Risper

Migori, 7 Mei 1997

Wifi Risper,

Hamjambo huko? Mimi naburuta mguu, lakini naamka. Shule zilifunguliwa Jumatatu. Nilisimama barabarani mpaka saa moja jioni nikiwangojea. Nafasi ya Phanice darasani iko wazi. Kuna nini?

Wifi yako,
Bhoke

Kendu Bay, 16 Mei 1997

Mama Phanice,

Salamu nyingi. Usihangaike. Mtoto ana malaria, na hospitali wamesema asisafiri. Akipona tu, nitamleta. Wewe unameza dawa zako? Au zimesahaulika?

Wifi yako,
Risper

Migori, 9 Juni 1997

Wifi Risper,

Natumaini mko salama. Malaria ya mwezi mzima, wifi? Jirani yangu Kemuma amekubali kunisindikiza. Alhamisi tarehe kumi na tisa tutakuja kumchukua mtoto. Mfungie nguo zake.

Wifi yako,
Bhoke

Kendu Bay, 23 Juni 1997

Bhoke,

Salamu. Nilitaka kukustahi, umekataa kustahiwa. Alhamisi ulianguka langoni kwangu watu wakitazama. Phanice alijifungia jikoni. Hukumwona kwa sababu hakutaka kukuona ukiwa hivyo.

Umesahau kwamba ulinipa mtoto huyu? Tarehe ishirini Aprili uliniandikia kwa mkono wako: "Wifi, nimeshindwa. Phanice awe wako." Malaria niliizua ili nisikuaibishe. Sasa ameanza shule hapa, na ananiita mama. Mtoto si debe la kuazimwa na kurudishwa.

Risper

Migori, 2 Julai 1997

Wifi Risper,

Sijui hata nianze na salamu ipi. Mtoto anakula?

Nimefungua daftari. Tarehe ishirini Aprili nimeandika kwamba nilifua mashuka na nikapika uji. Barua haimo. Kweli mimi niliandika maneno hayo? Nashindwa kuamini, na nashindwa kukataa. Nitumie hiyo barua niuone mwandiko wangu. Nikiuona, nitanyamaza.

Wifi yako,
Bhoke

Kendu Bay, 11 Agosti 1997

Bhoke,

Nimeshakutumia. Kwanza mwezi wa saba, nawe ukajibu ukiomba radhi. Ukaiomba tena, nikakutumia tena. Hayo nayo yamekutoka?

Unaniletea habari za daftari. Asiyekumbuka alichofanya atakumbuka kukiandika? Daktari alikuonyesha madoa kumi na moja. Mimi sikuyaweka.

Tuache tulee.

Risper

Migori, 24 Agosti 1997

Wifi Risper,

Naomba kifua kisikurudie msimu huu wa vumbi. Mimi mguu wa pili umeanza.

Asante kwa kunitumia ile barua mara mbili. Nimepekua kabati, godoro, hata gunia la mahindi. Sijui nimeiweka wapi. Kemuma anaapa kwamba hakuna bahasha iliyoletwa hapa. "Huyo mwanamke anakudanganya," ananiambia. Nimemwambia yeye hajaiona picha ya ubongo wangu.

Basi kaa naye. Hali omena, wale dagaa, mpaka watolewe vichwa. Radi ikipiga huziba masikio na kuimba, usimcheke. Alizaliwa Jumanne, tarehe tatu Oktoba 1989, kilo tatu na robo, mvua ya mawe ikipiga mabati. Akiuliza, mwambie mama yake ni mgonjwa. Usimwambie nimemsahau.

Nisamehe kwa usumbufu wote. Na kama haya nimekwisha kukuandikia, ichane hii.

Wifi yako,
Bhoke