Baba, Niliwaambia Maji ni Salama

Mpendwa Baba,

Kazi yako ya uhusiano na umma pale mgodini sasa ni yangu, ingawa ungeiona leo usingeitambua.

Nakumbuka siku udongo ulipowafukia wachimbaji watatu. Wakubwa walitaka utangaze redioni kwanza. Ukakataa. Ulinishika mkono, nikiwa na miaka tisa, tukaenda kwa miguu nyumba kwa nyumba. Kwenye kila mlango ulivua kofia. Mjane mmoja alikupiga kofi, nawe ukasimama tu. Njiani ukaniambia: "Muntu asisikie kifo ya bwana yake mu radio."

Chuoni tulifundishwa kwamba zamani kampuni zilisema, watu wakasikiliza. Siku hizi ni mazungumzo, kampuni nayo inasikiliza na kujirekebisha. Nilipokusomea hayo daftarini mwangu, ulicheka mpaka ukakohoa. "Ile njo nilikuwa nafanya," ulisema, yaani ndiyo kazi uliyoifanya siku zote.

Mazungumzo yenyewe, Baba, sijayaona. Mwezi uliopita maji machafu ya kiwanda cha mgodi yalivuja hadi kwenye bustani na visima vya mtaa wa Kasungami. Kabla mtu yeyote hajaenda kutazama, niliamriwa kuandika tangazo. Niliandika kwamba maji ni salama, nikaweka picha ya zamani ya watoto wakinawa, nikalituma kwenye simu za watu. Wanaolalamika hujibiwa na kompyuta: "Asante kwa maoni yako." Hakuna anayeyasoma.

Mama Godelive, yule jirani yako wa Kasungami aliyekupikia uji ulipougua, alinipigia.

"Miye siamini mambo ya mu simu," alisema. "Weye mutoto ya Baba Ilunga, uniambie. Mayi iko muzuri?"

Bosi alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

"Iko muzuri, mama."

Alikunywa. Akawapa na mbuzi. Mbuzi walikufa wote. Yeye amelazwa, figo zimeharibika. Nilikwenda kumwona. Hakunitukana. Aligeukia ukutani, akamwambia muuguzi: "Huyu simujui."

Sijaacha kazi, Baba. Wanangu wanakula kwa kazi hii. Leo asubuhi nimeandika tangazo jingine, zuri, lenye neno "uwazi" mara tatu. Watu hawalalamiki tena; wanalifuta bila kulisoma. Hata siku nitakayosema kweli, hakuna atakayesikia.

Pumzika kwa amani. Sikuombi msamaha, maana si wewe niliyekudanganya.

Ni mimi, binti yako.