Kichwa cha Treni cha Baba

Jumatatu, 3 Juni 1974

Foleni ya sukari tangu alfajiri, nimerudi na nusu kilo. Chai, kisha mezani. Leo magurudumu yote sita ya treni ndogo yameingia kwenye ekseli zake na yanazunguka! Nimeyazungusha mpaka Damas, mume wangu, akaniuliza kama ugali nao utajisonga wenyewe. Mboga imeungua. Tumekula hivyohivyo.

Siamini kwamba sanduku hili lilikaa chini ya kitanda cha Baba kule Mgeta tangu Uhuru. Mzungu wa karakana alimwachia alipoondoka. Ndani yake kichwa cha treni cha mvuke, urefu kama mkono wangu, vipande vitupu, havijaungwa. Baba alikuwa mchochea moto kwenye treni maisha yake yote, na sanduku hakulifungua hata siku moja. Alipokuja kwetu mwezi wa nne kutibiwa kifua akaja nalo, nikalifungua mimi. Karatasi ya maelekezo mchwa wameshaila nusu. Raha tupu! Na likizo ya shule ndiyo kwanza imeanza.

Jumatano, 5 Juni

Kifua cha Baba kimepona. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Asubuhi kakunja blanketi lake, anataka kurudi Mgeta. Kwenye baridi ile ya milimani, nyumba tupu, Mama hayupo tena duniani. Anasema mwanamume hazeekei kwa mkwewe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi miezi miwili sasa, hata kisu cha kumenyea viazi hamjanipa."

Damas kamsihi. Nimelia, sioni haya kuandika. Mwisho Baba kakubali jambo moja tu. Treni ikishakamilika, kichwa kikienda mbele kutoka ukutani mpaka mlangoni, atapanda lori la kabichi linalorudi Mgeta siku hiyohiyo. Kabla ya hapo hatagusa mzigo wake.

Nimekasirika mno. Halafu nikaenda kupiga msasa boila, lile tangi la kuchemshia maji.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewaza kuficha skrubu moja kwenye kopo la unga. Nimeshindwa. Nataka kukiona kikienda! Nataka na Baba abaki. Yote mawili nayataka, na moja linaua jingine.

Fundi masufuria wa sokoni kaniazima chuma chake cha kulehemu. Nimelehemu boila mwenyewe kwenye jiko la mkaa, vidole viwili vimeungua. Nimejaza maji. Hakuna tone lililotoka! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni, kuku wakakimbia.

Baba, ambaye wiki nzima alikuwa akitazama tu, leo kasogeza kiti. Kulikuwa kumebaki kisahani kimoja kidogo kinachokaa kwenye ekseli na kufungua mlango wa mvuke. Nilikuwa nakishika. "Hapo niachie, mama." Kakikaza mwenyewe, taratibu, miwani puani, ulimi nje. Kisha kanirudishia bisibisi akaenda kusalimia majirani.

Jumamosi, 8 Juni

Jamani, aibu! Tumewasha spiriti kidogo kujaribu moto. Balozi wetu wa nyumba kumi akasikia harufu kama ya pombe, akaja mbio, akaona shaba, bomba, na kitu kinachemka. "Mwalimu mzima unapika gongo!" Damas alicheka mpaka akakaa chini, hata salamu hakuitikia. Baba kampa balozi kiti, kamwonyesha magurudumu. Wapi! Balozi kachota maji ya boila kwa kijiko akayaonja. Kaunguza ulimi.

Sasa anataka awepo kitakapowashwa, na amekwisha kuwatangazia watu wote. Kesho baada ya kanisa. Usingizi sitaupata.

Jumapili, 9 Juni

Kimetembea!

Sebule ilijaa, wengine dirishani. Reli zangu ni mabapa ya chuma ya kufungia makasha, nimeyapigilia kwenye mbao kutoka ukutani mpaka mlangoni. Baba alivaa kofia yake ya kazi. Boila ikaanza kuimba. Baba akasema, "Fungua." Nikafungua. Kikatikisika, kikatema maji, kikaanza, tsh, tsh, tsh, na kurudi nyuma! Kikagonga ukuta, pu! Kikazidi kuusukuma. Watu hoi kwa kicheko. Nikakigeuza, mgongo ukaelekea mlangoni, basi kikaenda kinyumenyume mpaka kizingitini, tunashangilia kama harusini. Balozi alipiga makofi kuliko wote. Mimi machozi yananitiririka.

Ndipo nikakumbuka. Nikamtazama Baba. Alikwisha kuvua kofia.

"Mimi nilisema mbele," akasema. "Hiki kinarudi nyuma. Bado hakijaisha."

"Bado kabisa, baba," Damas akadakia. "Bado sana."

Lori la kabichi lilipita jioni. Baba alikuwa anakula.

Jumamosi, 15 Juni

Nyumba kimya. Nimekifungua kichwa kutafuta kosa. Halikunichukua muda. Kwenye ekseli kuna alama ndogo iliyochongwa kiwandani, na kwenye kile kisahani kuna nyingine. Ni wazi kwamba zinatakiwa kutazamana. Zimepeana mgongo. Mchochea moto hawezi kukosea pale, hata bila miwani. Na miwani alivaa.

Ni skrubu moja tu. Unailegeza, unageuza kisahani, kichwa kinakwenda mbele, basi. Nimechukua bisibisi. Nimeikaza zaidi palepale ilipokuwa, nikarudisha kila kitu.

Juzi Baba alimwomba Damas jembe. Yuko nyuma ya nyumba sasa, anapanda kabichi, matuta manne marefu. Nimempelekea chai, ya sukari. Tumezungumza habari za mvua.