Kilichokuwa Nyuma ya Droo ya Tatu

Jumatano, Lukole. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua inatishia tu na haishuki. Mikono yangu inanuka vumbi na mafuta ya taa, na leo nimejifunza jambo ambalo mtoto wa mkulima hakupaswa kufundishwa ukubwani.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni muuguzi wa macho, na naishi ndani ya gari. Ni lori kuukuu lililojengewa chumba nyuma. Mchana chumba hicho ni kliniki, jioni nakunjua kitanda na kinakuwa nyumba yangu. Dereva wetu, Mzee Shaabani wa Biharamulo, analala kwenye hema lake pembeni, maana anasema hawezi kulala ndani ya kabati. Tunazunguka humu kwenye kambi ya wakimbizi na vijiji vya jirani, na tukienda Biharamulo kuchukua dawa ndipo ninapochapa haya niliyoyaandika kwenye daftari, kama umeme upo.

Maisha ya garini yana swali moja linalorudi kila siku. Kitu hiki kikae wapi?

Nimekuwa mtumwa wa swali hilo. Barabara zetu zina matuta madogo madogo yanayotikisa mpaka meno, kwa hiyo kisichofungwa utakikuta sakafuni. Nimekata tyubu kuukuu ya gurudumu nikapata mipira ya kufungia kila kitu: milango ya kabati, jiko la mchina, sufuria, sanduku la miwani. Vizito viko chini. Kitakachohitajika kwanza kinaingia mwisho. Mzee Shaabani anasema nikiendelea hivi siku moja nitamfunga na yeye.

Na kwa kuwa siku hizi nusu ya Lukole inafunga mizigo kurudi Burundi, nimepata ugonjwa mpya wa udadisi. Kila anayekuja kutiwa dawa ya macho namuuliza amefungaje. Juu umeweka nini? Chini nini? Wengine wananitazama kama mwizi anayepeleleza. Lakini wengi wanaeleza kwa furaha. Kuna baba mmoja ameng'oa mlango wa kibanda chake, na huo ndio mzigo wake mkubwa. Nilipomuuliza kwa nini mlango, akaniambia matofali atayafyatua, miti ataikata, lakini mlango mzuri hauoti shambani. Nilicheka naye, halafu nikakaa siku nzima nikifikiria mimi ningeng'oa nini.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Bibi Generoza ni mzee wa hapa kambini. Amekaa miaka kumi na mitatu, na Ijumaa anapanda lori kurudi kwao. Alikuja kwetu haoni kwa jicho lolote. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na sasa jicho la kulia linaona vizuri kabisa. Tangu hapo ananiita mwanawe, na mimi sijakataa. Yeye anasema Kirundi, mimi Kihangaza cha nyumbani Murukulazo, na tunaelewana bila shida, ila tunachekana matamshi.

Jumamosi nilikuwa nahudumia foleni ya wagonjwa upande wa pili wa kambi. Bibi akaja garini na kopo la mafuta ya mgao, lile la bati, limejaa maharage yaliyochanganywa na majivu. Akamkabidhi Mzee Shaabani, akasema mpe Sista aweke. Akaondoka.

Niliporudi, Mzee Shaabani akanipa habari kwa ufupi wake wa siku zote.

"Bibi Generoza ameleta maharage."

Nikafurahi. Wagonjwa wetu hutushukuru kwa ndizi, kwa mayai, kwa maharage, na kukataa ni kumtukana mtu. Na Jumamosi hiyo ilikuwa siku yangu ya kupanga gari upya! Nilikuwa nimenunua ndoo za plastiki za mifuniko pale Biharamulo, zinazolingana, na nilitaka kila chakula kiwe na ndoo yake moja tu. Makopo yasiyolingana yalikuwa yananinyima raha. Basi nikavuta droo ya tatu nikaifanya meza, nikaweka chekeche juu yake, nikachekecha majivu yote. Nikayafuta yale maharage kwa kitambaa yakang'aa, halafu nikayamimina kwenye ndoo moja na maharage mekundu niliyonunua sokoni. Kopo nikampa jirani yake Bibi amrudishie, likiwa safi. Nilijisifu moyoni. Kopo moja limepungua garini.

Jumapili nikapika.

Mzee Shaabani alikula sahani mbili, na akaniambia leo umepika maharage ya harusi. Nami nilijua ni matamu. Nilichovya mchuzi kwa kidole kama mtoto.

Leo asubuhi Bibi amekuja na lile kopo likiwa tupu mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye ngazi ya gari.

"Mwanangu, nimekuja kuchukua imbuto zangu. Kesho wanapima mizigo."

Imbuto ni mbegu. Neno hilo hata sisi Wahangaza ni letu. Nilisimama na chupa ya dawa ya matone mkononi.

Alikuwa amezileta kwetu kwa sababu turubai la paa lake ameshalikunja, na kibandani panya wamezidi. Gari letu halivuji. Na hakumweleza Mzee Shaabani zaidi kwa sababu hakukuwa na haja. Kwao, na kwetu pia, maharage ya kula hayatiwi majivu. Majivu ni ya mbegu, zisije zikatobolewa na wadudu kabla ya msimu. Mama yangu amefanya hivyo kila mwaka mbele ya macho yangu. Nimekua nikiona makopo ya majivu juu ya dari ya jikoni, na hakuna mtoto wa nyumba ile aliyethubutu kuyagusa hata siku za njaa.

Nami nilichekecha. Shauku ya ndoo zangu ilizidi akili yangu.

Nilimwambia ukweli wote, na niliona aibu kuliko siku yoyote katika kazi hii. Sikumtupia Mzee Shaabani lawama, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anajikuna kichwa nyuma ya gurudumu. Bibi alitazama ile ndoo. Halafu akaniuliza swali ambalo bado linanichoma.

"Yalikuwa matamu?"

"Sana, Bibi."

"Ndiyo yenyewe."

Akasema tutandike turubai.

Tulikaa kwenye kivuli cha gari, mimi na yeye, tukamwaga ndoo yote, tukachambua. Yale ya sokoni yalikuwa mekundu matupu, makubwa, rahisi kuyatenga. Yake yalikuwa ya kila rangi. Alifumba jicho la kushoto na kulisogeza la kulia karibu, na kila alipopata aina moja aliiweka kwenye rundo lake na kuitaja. Haitaji kwa rangi. Anaitaja kwa jina la mtu. Haya ya njano ni ya mama mkwe wake. Haya meusi madogo alipewa na jirani wa kule mlimani kwao. Haya ya kahawia ni ya mama mmoja waliyegawana naye kibanda mwaka wa kwanza hapa, akafariki, na Bibi ameendelea kuyapanda kila msimu kwenye kijishamba cha nyuma ya kibanda.

Niliuliza kila kitu. Ni nani? Alikuwaje? Alikupa lini? Nilisahau kwamba niko kwenye adhabu. Wagonjwa wawili walikuja kutiwa dawa, wakajikuta nao wamechuchumaa wanachambua.

Yeye aliondoka Burundi na mengi ya maharage haya kwenye ncha ya kitenge, konzi mbili hivi. Kila kingine alichotoka nacho kimeisha, kimeibwa au kimeoza. Misimu yote hii amekuwa anapanda, anavuna, anatenga ya majivu kwanza, ndipo anakula yanayobaki. Hata alipokuwa haoni aliyatenga kwa kupapasa.

Aina zake ni kumi na mbili. Tulipata kumi na moja.

Iliyokosekana ni nyeupe yenye madoa ya zambarau, madoa kama ya kanga. Aliyaita Anastazia. Ni jina la mama yake, aliyemfungia maharage hayo kwenye kitambaa asubuhi alipokuwa anakwenda kuolewa. Yalikuwa machache kuliko yote kwa sababu msimu uliopita mvua iliyapiga. Tulirudia kuchambua mara ya pili, na ya tatu. Bibi alipapasa turubai kwa viganja kama enzi zake za giza.

Tumeyala. Mimi na Mzee Shaabani, Jumapili, na ugali.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alichota majivu kwenye jiko la jirani, akachanganya yale yaliyopatikana, akafunika kopo, akaniambia kazi ya macho nimeifanya vizuri, maana ameona rangi zote. Akaondoka polepole.

Niliingia garini, na nikashindwa kukaa. Nikichanganyikiwa huwa napanga vitu. Nikafungua hiki, nikafunga kile, nikahamisha miwani, nikairudisha. Droo ya tatu ikanikatalia. Kwa kweli imekuwa ikikataa tangu Jumamosi, inabaki wazi upana wa kidole, na mimi nimekuwa nikiivuta kwa mpira wa tyubu na kumlaumu fundi. Leo nikajiuliza, kwa nini tangu Jumamosi? Ilikuwa inafunga vizuri. Jumamosi niliifanya nini?

Nilichekechea juu yake.

Nilipiga kelele Mzee Shaabani akaja mbio akidhani nimeona nyoka. Droo hizo hazitoki hivi hivi. Inabidi kutoa ya kwanza na ya pili, na kulegeza reli kwa bisibisi, kazi aliyoifanya akinung'unika kwamba sasa nimeanza kubomoa gari la watu. Droo ya tatu ilipotoka, nikalala kifudifudi na kuingiza mkono mpaka begani.

Huko nyuma kuna nchi nyingine. Nilitoa kijiko cha chai ambacho nilimshtaki Mzee Shaabani kukipoteza mwaka jana, na nililazimika kumwomba msamaha pale pale. Nilitoa penseli mbili, kitana, na kioo cha miwani ya mtu. Halafu majivu, majivu mengi, na ndani ya majivu maharage. Mekundu. Meusi. La njano moja lililokwama kwenye reli, ambalo bila shaka ndilo lililokuwa linazuia droo.

Na yenye madoa, punje tano.

Nimekimbia kambi nzima na kanzu ya kazi, watu wakidhani kuna mgonjwa amezidiwa. Bibi alikuwa ameketi juu ya gunia lake, kati ya kuta nne zisizo na paa. Nilifungua kiganja. Alizisogeza karibu na jicho lake la kulia, moja moja, akizigeuza, na machozi yakaanza kumtoka. Nikamwambia kwa ukali wa kiuguzi asilisugue jicho. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Nilipotulia, udadisi wangu ukarudi, sijui nitaponea wapi. Nikamwuliza juu kabisa ya gunia ameweka nini. Akafungua anionyeshe. Juu kuna jembe bila mpini, na nafasi ya lile kopo. Sufuria iko chini kabisa, chini ya nguo na turubai. Kwa sheria zangu za garini ni makosa, maana mtu akifika amechoka anataka kupika kwanza. Nikamwambia hivyo. Akanicheka, akasema akifika atakula kwa jirani siku mbili tatu, lakini mvua haitamsubiri.

Kisha akachukua punje tatu akazifukia kwenye kopo. Mbili akazirudisha kwenye kiganja changu na kukikunja.

"Hizi zako. Usizipike."

Nilikataa. Akanikazia jicho, lile tulilolifungua wenyewe, nikaacha kukataa.

Sasa ni jioni, droo zimerudi mahali pake, na ya tatu inafunga bila mpira. Punje zangu mbili ziko kwenye chupa tupu ya dawa ya matone, na majivu kidogo. Nimejaribu kuiweka kabatini, nikaitoa. Nimeiweka kwenye sanduku la miwani, nikaitoa. Sasa iko mfukoni. Gari hili lina mahali pa kila kitu isipokuwa mahali pa kupanda, na miaka yote hii sikuwahi kuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Jumamosi tunapita njia ya Murukulazo. Nimemwomba Mzee Shaabani tusimame kwetu, na amekubali kabla sijamaliza kuomba, kwa kuwa naye alikula sahani mbili. Mama ana kipande nyuma ya jiko ambacho kila nikienda ananiuliza nitakifanyia nini. Ataziona punje, na swali lake la kwanza litakuwa zinaitwaje, maana naye huziita mbegu kwa jina la aliyempa.

Bibi anaziita Anastazia. Kwetu zitaitwa Generoza. Na zikiota, ni nani atakayevuka mpaka akamwambie?